Naomba ushauri: viungo vya kulowekea nyama visivyo na soya, ufuta wala ngano

Mama Wawili

Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu mwenye umri wa miaka saba amepimwa na kuthibitika kuwa ana mzio wa soya na ufuta, na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ana ugonjwa wa seliaki, yaani utumbo wake hudhuriwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, hivyo hagusi ngano. Chupa na pakiti nyingi nilizozitegemea kukolezea kuku, samaki na mboga zimeondoka jikoni, kuanzia sosi ya soya hadi vidonge vya supu, na tangu hapo chakula kimekuwa cha chumvi na limau tu. Sipendi kuwapikia hao wawili chungu chao peke yao kana kwamba wametengwa. Naomba mnielekeze niweke nini badala ya sosi ya soya, na mnieleze kama viungo vya unga vya pakiti ni salama iwapo lebo haikutaja soya wala ufuta.

Mpishi Mtulivu

Pole, dada, lakini usikate tamaa, kwa sababu mchanganyiko wa kulowekea nyama hauhitaji zaidi ya vitu vinne: kitu kichachu, mafuta, chumvi na viungo vya harufu. Kwa kilo moja ya kuku, changanya vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau, vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya alizeti, punje nne za kitunguu saumu kilichopondwa, kipande cha tangawizi kilichokunwa, kijiko kidogo cha chumvi na pilipili manga kiasi. Kuku anaweza kulala humo usiku mzima ndani ya jokofu, lakini samaki asizidi nusu saa, kwani uchachu humkaza na kumfanya mweupe kana kwamba ameshapikwa. Ukipenda siki badala ya limau, epuka ile ya kimea, kwa sababu hutengenezwa kwa shayiri na haimfai mwenye seliaki.

Ile ladha nzito ya sosi ya soya utaipata kwenye uyoga mkavu. Loweka gramu ishirini hivi katika kikombe kimoja cha maji ya moto kwa nusu saa, chuja, kisha chemsha yale maji hadi yabaki nusu na yawe na rangi ya kahawia iliyokolea. Yakoleze kwa kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha siki na sukari kidogo. Hayatakuwa sosi ya soya, na asiwepo wa kukudanganya kuhusu hilo, lakini nyama iliyolowekwa humo haionekani kukosa kitu.

Kinu na Mchi

Nijibu swali la lebo, maana ndilo zito zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, nchini Marekani, bidhaa nyingi zenye bizari nyembamba ya unga ziliondolewa sokoni baada ya kugunduliwa protini ya karanga ambayo haikutajwa popote kwenye lebo. Ufuta nao uliingizwa katika orodha ya vizio vikuu, yaani vyakula vinavyosababisha mzio, vinavyolazimika kutajwa nchini humo tarehe 1 Januari 2023 tu. Kabla ya hapo ungeweza kujificha chini ya neno moja, "viungo". Sheria za lebo hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo lebo iliyonyamaza si ushahidi kwamba kitu hakimo.

Mimi hununua viungo vikiwa vizima na kuvisaga mwenyewe. Mbegu ngeni ikiwa imechanganyika na giligilani nzima, nitaiona nikiimwaga kwenye sinia jeupe na kuichambua. Ikishasagwa, hakuna jicho litakaloiona. Hata hivyo, uchambuzi hauoni vumbi, hivyo kwa mzio mkali mwandikie mtengenezaji umuulize kama mitambo yake hupitisha ufuta. Kaanga vijiko viwili vya giligilani na kimoja cha bizari nyembamba kwenye kikaango kikavu hadi vinukie, viache vipoe kabisa ili mvuke usivifanye vigande, visage, kisha ongeza kijiko cha manjano na cha paprika. Kama mashine yako ya kusagia iliwahi kusaga ufuta, usiitumie. Mabaki hung'ang'ania chini ya kisu na sabuni haiwezi kufika huko.

Jirani Mwema

Mimi hulainisha nyama kwa papai bichi lililokunwa. Halina soya, ufuta wala ngano, na matokeo ni mazuri mno.

Mpishi Mtulivu

Ni kweli, Jirani, ila lina kimeng'enya kinachoyeyusha protini, na nyama ikikaa humo muda mrefu hugeuka uji kwa nje huku ndani ikiwa ngumu. Isitoshe, baadhi ya watu wenye mzio wa mpira asilia hudhurika pia na papai, kwa hiyo mwenye familia aulize kwanza.

Mama Wawili

Nawashukuru sana. Nimebakiwa na swali moja: je, naweza kutengeneza chupa kubwa ya kitunguu saumu kwenye mafuta na kuiacha kabatini, ili nisiwe naponda kila siku?

Kinu na Mchi

Hapana, dada, hilo usilifanye. Kitunguu saumu kibichi kikizama kwenye mafuta hukosa hewa, na katika joto la kawaida la chumbani bakteria wa botulizimu wanaweza kukua na kutoa sumu isiyobadilisha harufu wala ladha. Weka kidogo kwenye jokofu na ukimalize ndani ya siku nne, au kigandishe katika vibonge kwenye friza. Yale mafuta yaliyolowekewa kuku mbichi pia usiyamwagie kuku aliyeiva mpaka uyachemshe vizuri. Mimi hutenga vijiko vichache vya mchanganyiko safi pembeni kabla nyama haijaingia.

Mchanganyiko mkavu ndio unaoweza kukaa kabatini kwa miezi kadhaa, ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko. Andika juu yake vyote vilivyomo, na uutengee kijiko chake mwenyewe kisichoingia kwenye chupa nyingine.