Mjadala: Nafuu ya ushuru kwa riba ya mkopo wa nyumba, iongezwe au ifutwe?

Mwanzisha mada
Wadau, tangu mwisho wa Desemba 2024 Mkenya mwenye mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa kuondoa riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka kwenye mapato yake kabla ya kukatwa ushuru. Zamani ilikuwa 300,000. Wapo wanaotaka ipandishwe tena. Mimi nasema ifutwe.

Tupige hesabu. Anayekatwa asilimia 30 anaokoa 108,000 kwa mwaka, yaani 9,000 kwa mwezi. Bosi ambaye mshahara wake umepita 800,000 kwa mwezi hadi akafika asilimia 35, anaokoa 126,000. Aliyeshiba ndiye anayeongezewa. Mama mboga je? Hana hata hati ya mshahara ya kupeleka benki. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50 ina mikopo ya nyumba kama 30,000 tu, halafu tunaambiwa hii ni sera ya makazi.

Mwenye mkopo, Syokimau
Ndugu yangu, usituite mabosi. Nina mkopo wa milioni 6, riba asilimia 14, miaka 20. Kila mwezi nalipa kama 74,600. Mwezi wa kwanza nilipofungua taarifa ya benki: riba 70,000, deni limepungua kwa 4,600. Nilidhani wamekosea! Mwaka wa kwanza riba inapita 800,000 na mnanihesabia 360,000 pekee. Ile 9,000 ndiyo inayolipa mlinzi, maji na takataka. Kampuni ikikopa kununua mashine, riba inahesabiwa gharama. Yangu mimi ina kasoro gani?

Mpangaji, Umoja
Pole kaka, lakini umejishtaki mwenyewe. Nyumba kama yako huko huko inapangishwa 35,000. Karibu 40,000 inayobaki ningeweka kwenye SACCO kila mwezi. Kazi ikihamia Kisumu natoa notisi nabeba godoro. Wewe utaanza kutafuta mnunuzi. Na mimi pia nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, ilhali kodi ninayomlipa mwenye nyumba hainipunguzii ushuru hata senti. Sikatai, juzi ameniongezea kodi kwa ujumbe wa WhatsApp, bila hata salamu. Kwa hilo nakuonea wivu.

Mwanzisha mada
Wa Syokimau, kampuni inaondoa riba kwa sababu mapato ya ile mashine yanatozwa ushuru. Wewe kodi ya pango unayookoa kwa kuishi kwako haitozwi ushuru wowote. Unataka kula huku na huku.

Tena nafuu yenyewe haina kazi kubwa tunayodhani. Canada hairuhusu kuondoa riba ya nyumba unayoishi, Marekani inaruhusu, na bado nchi hizo mbili zimekaribiana kwa asilimia ya familia zinazomiliki nyumba. Uingereza ilikuwa nayo, ikaipunguza kidogo kidogo hadi ikaimaliza Aprili 2000. Hata hapa, waliokwisha kukopa wabaki nayo, wapya wasipewe. Hela hiyo iende KMRC, ile kampuni inayozikopesha benki na SACCO fedha za muda mrefu, ili riba yenyewe ishuke. Ukitoka asilimia 14 hadi 9 kwa milioni 6, mwaka wa kwanza unaokoa karibu 300,000. Linganisha na 108,000.

Mwenye mkopo, Syokimau
Riba ishuke kwanza, ndipo mniondolee. Serikali hii naijua: itafuta leo, KMRC mtaisubiri.

Anayejenga polepole, Kitale
Nawasoma nacheka. Huku hakuna aliyekwenda benki. Unanunua ploti, unasubiri hati, unamwaga msingi, fundi anaondoka hadi mavuno yajayo. Mimi nimefika kwenye linta. Kila mfuko wa simiti nalipa VAT asilimia 16 na sijasikia mtu akipendekeza nirudishiwe. Tukizungumzia nafuu ya kumiliki nyumba, mbona tuanze na hao 30,000?