Mininga 60 niliyopanda Mvuti imekauka yote. Ning'oe?

BintiShamba
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na miti yetu ya asili.

Marehemu mama ametuachia eka tatu kule Mvuti, ukishapita Chanika. Miaka yote lilikuwa shamba la mihogo, baadaye akaweka mikorosho, na tangu aanze kuumwa limelala. Ardhi ni kichanga, imechoka, majani yamefika kiunoni. Mama alikuwa akituhadithia kwamba walipohamia pale palikuwa na mikongo na mininga, na usiku komba walilia mpaka watoto wanaogopa kutoka nje. Hiyo miti aliifyeka yeye mwenyewe ili tule na tusome. Simlaumu hata kidogo. Ila nimeweka nia ya kuirudisha.

Masika ya mwaka huu nilinunua miche 60 ya mninga na 40 ya mkongo kwenye kitalu cha barabarani. Mikongo mingi inaendelea vizuri. Mininga ilichanua majani hadi Juni, ikaanza kunyauka, na sasa Septemba vimebaki vijiti. Ukikunja, kinakatika pa! Na nilikuwa nalipa kijana anapeleka maji kwa bodaboda. Nimelia jamani. Kaka yangu anasema ardhi yenyewe imekataa, tupime viwanja vya 20 kwa 20 tuuze. Au ning'oe nipande miarobaini, maana ile haifi?

Mpimaji_Gongolamboto
Pole sana dada, na poleni kwa msiba. Ila kaka yako msikilize. Chanika yote inajengwa, na eneo likionekana pori watu wanaanza kujimegea. Lolote mtakalofanya, wekeni mipaka kwanza. Hata katani au minyaa inatosha.

Babu wa Kisarawe
Mwanangu, usiguse hata mche mmoja!

Mninga ndivyo ulivyo. Mche mchanga hufa juu kila kiangazi, mvua ikinyesha unachipua upya kutoka chini. Unaweza kwenda hivyo miaka mitano, saba, hata zaidi. Wewe unaona kijiti kilekile, kumbe chini unajenga mzizi. Siku mzizi ukishiba, shina linapanda moja kwa moja na halirudi tena nyuma. Watu wengi wameng'oa mininga mizima kwa kutojua hili, na wauza miche hawawaambii.

Nenda shambani, chagua mche unaoonekana mfu kuliko yote. Fukua pembeni kwa mkono, taratibu, usitumie jembe. Utakuta mzizi mnene kuliko hicho kijiti. Ukwangue kwa ukucha: ukiwa na unyevu, mti uko hai. Ukiwa mkavu kama kuni, basi huo umekwenda.

Hizo pesa za maji ya bodaboda, lipia palizi na njia ya kuzuia moto, yaani ukanda uliofyekwa kuzunguka shamba, upana wa mita tano hivi. Kichanga chenye majani makavu mwezi huu, jirani akichoma shamba lake tu, umekwisha.

Mama Kitalu
Shikamoo babu, umesema kweli tupu.

Dada, nakuomba sana, mwarobaini hapana. Ni dawa, ni kivuli, lakini asili yake ni Asia, na ndege na popo wakishaanza kusambaza mbegu hutaumaliza. Hiyo mikongo utakayokuwa unaitafuta hutaiona.

Mikorosho ya mama usiikate yote. Baadhi ya miche yetu ikiwa midogo inavumilia kivuli chepesi, ila mninga unataka jua. Katikati ya mistari panda mbaazi: inafunika ardhi, inarudisha rutuba, na mnakula. Weka na mikuyu michache, maana tini zake huwaita ndege na popo, na hao ndio watakaokuletea mbegu za miti mingine bila malipo. Ukipata msandarusi, panda. Huo ni mti wa pwani hii hasa. Karne ya 19 sandarusi yake, yaani utomvu ulioganda ardhini, ilichimbwa huku, ikapelekwa Unguja, ikauzwa mpaka Marekani kutengenezea vanishi.

Halafu kabla ya kununua mche mwingine, pita shamba zima uangalie visiki. Mpingo, kwa mfano, huchipua kwenye kisiki na kwenye mizizi. Chipukizi lenye mizizi ya zamani linashinda mche wowote nitakaokuuzia mimi. Chagua mawili matatu yaliyonyooka, punguza mengine, weka alama ya kitambaa ili mpaliliaji asifyeke. Dodoma wanafanya hivyo, wanaita Kisiki Hai.

BintiShamba
Shikamoo babu, ahsante mama. Jumamosi nilikwenda na kaka.

Tulifukua mitano. Mmoja umeliwa na mchwa. Ile minne, wallahi, kijiti ni chembamba kama njiti ya kibiriti lakini chini kuna kitu kinene kama karoti! Nilipokwangua, ukucha ulilowa. Nikamwita kaka aje aone, akachuchumaa, akakwangua mwenyewe, akakaa kimya kitambo. Baadaye ndiye aliyeufukia, kwa viganja.

Kwenye mpaka wa chini tumekuta chipukizi saba zenye miiba kuzunguka kisiki ambacho ndani ni cheusi tii. Nahisi ni mpingo. Tumefunga vipande vya khanga ya mama.

Viwanja tumekubaliana tusubiri. Mbaazi nimenunua kilo mbili. Je, mikuyu na msandarusi nipande vuli hii, au ningoje masika?

Mama Kitalu
Cheusi ndani na miiba, huo ni mpingo, hongereni. Mbaazi weka vuli hii, mvua ya kwanza tu. Miche ya miti ngoja masika, mvua za vuli zinaweza kukukatikia njiani. Mashimo chimba mapema, yajaze majani makavu na samadi.

Babu wa Kisarawe
Marahaba wanangu. Na ule mmoja uliokufa, usizibe pengo haraka. Angalia hapo Desemba.