Mimba imetoka wiki ya 10, mke wangu nimsaidieje?

Habari zenu wakuu. Wiki 2 zilizopita mke wangu mimba iliharibika, hospitali wakamsafisha, tukapewa vidonge vya maumivu tukaambiwa kapumzikeni mtajaribu tena, basi, hata wa kumuuliza swali hakuna. Sasa jana ile programu ya ujauzito kwenye simu yake ikalia, "mtoto wako sasa ana ukubwa wa ndimu", mi niko jikoni nasikia simu inapigwa ukutani. Nikinyamaza kosa, nikiongea kosa. Nifanyeje?

MamaWawili: Pole sana kaka. Hiyo programu ifute wewe, leo leo, usimwachie yeye. Yangu ilitoka miaka 3 iliyopita, na kilichoniuma kuliko hata kusafishwa ni kulazwa wodi moja na waliojifungua, usiku kucha nasikia vichanga vya wenzangu. Alafu wageni wanakuja na "utapata mwingine", jamani, mi nilimtaka yule yule! Mume wangu alikaa siku kadhaa kimya, siku aliyosema "hata mimi naumia" ndo nikalia vizuri.

Nesi_wa_zamu: Pole mkuu. Mwambie hakukosea kitu, nyingi zinazotoka miezi 3 ya mwanzo ni kasoro za kromosomu (zinazobeba vinasaba) toka mimba inatungwa, sio kubeba ndoo wala tendo la ndoa. Damu kidogo kidogo mpaka wiki 2 ni kawaida ila akilowesha pedi 2 kwa saa moja na haipungui, au homa, au uchafu unaonuka, msingoje kukuche. Yai linaweza kutoka hata wiki 2 tu baada ya mimba kuharibika, kwahiyo kama hamko tayari jikingeni. Kundi lake la damu mnalijua? Kama ni hasi kuna sindano ya anti-D, ya kuzuia mwili wake usije ukashambulia damu ya mtoto kwenye mimba zijazo, inatakiwa ndani ya saa 72 toka mimba itoke, lakini hata kama zimepita nendeni mkaulize. Na ukweli sisi wa hospitali tunakosea hapa, 2021 jarida la Lancet lilikadiria mimba milioni 23 zinaharibika kila mwaka duniani, wataalamu wakasema mama asaidiwe toka ya kwanza, sio mpaka zifike 3, ila wengi bado tunamrudisha mtu nyumbani na paracetamol.

Muuliza swali: Asanteni. Programu nimefuta. Nimeangalia kadi yake, ni O hasi na hatukuambiwa kitu, asubuhi tunaenda.

MamaWawili: Ingia naye mpaka ndani kwa daktari, usibaki kwenye benchi.