Mpangaji, paka wake na mwenye nyumba: nani mwenye haki?

Mleta mada, Chake Chake: Mama mdogo kafiwa na mumewe, anakaa chumba cha kupanga. Usingizi ulimpaa mpaka alipookota kitoto cha paka. Sasa analala. Mwenye nyumba kaja juu: paka atoke, au watoke wote wawili. Marekani, sheria ya makaazi humtaka mwenye nyumba amkubali mnyama wa faraja wa mpangaji mgonjwa, hata kama kapiga marufuku wanyama. Kwa nini na sisi tusiwe nayo?

Wa Mkunazini: Soma mpaka mwisho, ndugu yangu. Sheria hiyo hiyo haimbani mwenye nyumba anayekaa humo humo ikiwa jengo halizidi makaazi manne. Na barua za daktari za kumwombea mtu mnyama wa faraja huko zimekuwa biashara ya mtandaoni. Mwaka 2018 kuna abiria alitaka kupanda ndege Newark na tausi, eti mnyama wake wa faraja. Tausi, jamani! Mwisho wa 2020 serikali yao ikabadili kanuni: mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumpa mnyama wa faraja haki za mbwa aliyefunzwa kumwongoza kipofu.

Binti Wete: Tausi anamhusu nini mjane wa watu? Paka si najisi, Mtume (SAW) kasema ni katika wanaotuzunguka majumbani. Angekuwa mbwa ningemwelewa mwenye nyumba. Sisi Mashafii tukiguswa na mate yake tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Uani kwa watu hilo si jambo dogo.

Muuguzi: Paka anatuliza, sibishi. Ila kukosa usingizi miezi na miezi ni maradhi. Watu wanaona haya kusikia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, tena kwetu Pemba mpaka uvuke bahari, basi paka anafanywa daktari. Na mnyama mwenyewe je? Kuna kijana kanambia faraja yake komba, kamfunga kamba kiunoni. Komba hutembea usiku. Mchana kutwa anapakatwa na kupigwa picha. Hapo anayefarijika nani?

Mleta mada: Dada, kliniki anakwenda. Na paka hafungiwi, ndipo ugomvi ulipoanzia. Kaingia kwenye jamvi la karafuu za mwenye nyumba, akajisaidia.

Wa Mkunazini: Ahaa! Na hilo ulikuwa umelificha wapi? Pishi ngapi zimeharibika?

Mleta mada: Mbili. Yeye anasema nne.