Kama sheria ya Benki Kuu ipo, tunu za pamoja zina kazi gani?

Mwanafunzi wa Mlimani

Shikamooni wakubwa. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu uongozi wa taasisi za fedha, na katika sura ya pili nilidai kwamba benki kuu hufanikiwa pale ambapo viongozi na watumishi wake wanashika tunu zilezile, yaani uadilifu, weledi, uwazi na kujizuia. Msimamizi wangu amenirudishia sura hiyo akiwa ameandika pembeni: "Kama sheria ipo, tunu za nini?" Nami sina jibu. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 inataja wazi kwamba jukumu la kwanza ni kulinda utulivu wa bei, na tangu Januari 2024 sera ya fedha inaendeshwa kwa riba ya Benki Kuu, yaani riba elekezi ya kuongoza riba za sokoni, ambayo Kamati ya Sera ya Fedha huipanga kila robo ya mwaka. Baada ya yote hayo kuandikwa, tunu zimebakiziwa nini? Naomba mwongozo wenu.

Mstaafu wa Upanga

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekuuliza swali zuri, ingawa amelikata fupi mno. Sheria humpa Gavana lengo. Haimpi moyo wa kulisimamia siku ambayo lengo hilo linawaudhi wakubwa. Tazama Uturuki, ambako sheria nayo inataja utulivu wa bei. Kati ya Julai 2019 na Machi 2021 magavana watatu waliondolewa mmoja baada ya mwingine, baadaye riba ikashushwa huku bei zikipanda, wakati ambapo benki kuu kwa kawaida huipandisha, na kufikia Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa mwaka ulikuwa umepita asilimia 85. Kifungu cha utulivu wa bei kilikuwa palepale kwenye kitabu. Ujerumani ni kinyume chake: waliozaliwa katika nyumba ambamo mwaka 1923 ulisimuliwa mezani, mwaka ambao akiba ya maisha yote haikutosha kununua mkate, hawakuhitaji kufundishwa kwa nini benki kuu yao iachwe ifanye kazi, na mwanasiasa aliyetaka kuiingilia alijua kwamba angegombana na wapiga kura kabla ya kugombana na Gavana. Tunu iliyomo ndani ya jengo peke yake ni dhaifu. Inapata nguvu pale mtaa nao unapoishika.

Mwenye duka, Kariakoo

Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo siendi nawe. Ukaguzi ulibaini kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 kutoka kwenye akaunti ya madeni ya nje, ile EPA, na Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana. Sidhani kama kulikuwa na mtu katika suala lile asiyejua maana ya neno uadilifu. Watu wanaoaminiana sana ndio wanaopitisha karatasi bila kuisoma. Mimi nataka kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wasiopendana.

Kuhusu mtaa kuishika hiyo tunu, ni kweli, ila mtaa haujaelezwa. Julai 2025 riba ya Benki Kuu ilishushwa kutoka asilimia 6 hadi 5.75, na rejesho langu katika benki ninayokopa halikusogea hata shilingi. Nilipouliza, nilipewa maelezo ambayo nadhani hata aliyeyatoa hakuyaelewa.

Mstaafu wa Upanga

La EPA nalipokea, na kufuli zako nazikubali. Ila kuna mambo ambayo kufuli haiyagusi. Mzee Edwin Mtei alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu ilipofunguliwa mwaka 1966, na mwaka 1979, akiwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Hapakuwa na mwizi katika ugomvi ule. Wote wawili walimpenda mwananchi maskini, Mwalimu akiona kwamba masharti yatamuumiza, Mtei akiona kwamba hazina tupu itamuumiza zaidi. Na makubaliano na Shirika hilo yalikuja kufikiwa mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi. Kwa hiyo, mwanangu, usiandike kwamba tunu za pamoja huleta mwafaka. Andika kwamba zilimwezesha mtu kusema hapana mbele ya Rais aliyemheshimu, kisha akaacha ofisi badala ya kubaki akitekeleza asichokiamini.

Mwanafunzi wa Mlimani

Nawashukuru sana. Orodha yangu ya tunu nne naiondoa, na sura itaanza na mwaka 1979, kisha ije EPA. Kaka wa Kariakoo, naomba ruhusa nije kukuhoji kuhusu lile rejesho, bila kutaja jina lako wala la benki.

Mwenye duka, Kariakoo

Karibu. Njoo alasiri, wateja wakipungua, na uje na kikokotoo.