Kusoma huku ukifanya mazoezi: hedifoni au baiskeli ya ndani?

BintiLangoni: Assalaam aleikum. Wiki hii nataka kununua kimoja: hedifoni nisikilize vitabu nikitembea, ama baiskeli ya mazoezi ya mtumba nisomee nyumbani. Kipi bora? Na nitajieni kitabu kimoja cha kuanzia kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

KusiShela: Dada, watembea wapi, saa ngapi? Kitabu cha lugha gani? Tutakushauri vipi?

MwalimuMalindi: Wa aleikum salaam. Baiskeli. Mimi hukibana kitabu kwenye usukani kwa vibanio viwili vya nguo, nikaenda polepole, maana ukikazana macho yanaruka mistari. Kusikiliza si kusoma. Huwezi kupiga mstari.

KusiShela: Si kweli, mwalimu. Tenzi zetu sisi watu wa Lamu tumezipokea kwa masikio kabla ya macho.

MwanaMkomani: Dada, nisikilize mimi. Mwaka jana nilikuwa naelekea mtaa wa Langoni, hedifoni masikio yote mawili, sauti juu. Kile kichochoro watu wawili wakipishana, mmoja hugeuza bega. Nyuma yangu punda watatu wamebeba mchanga, kijana anaita "Simila! Simila!" Sikusikia kitu. Gunia likanikumba, nikabamizwa ukutani, mawe ya matumbawe yakanichuna mkono toka kiwiko hadi kiganja. Simu ikaangukia chini ya kwato. Kijana wa watu akanifunga leso huku akiomba radhi, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo natumia sikio moja, tena ufukweni tu.

BintiLangoni: Pole sana, kaka. Natembea baada ya alfajiri, hadi Shela na kurudi. Kiingereza nasoma, Kiswahili kingenifurahisha zaidi.

MwalimuMalindi: Kwa Kiingereza, Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi wa Uganda: *A Bigger Picture*, 2021. Ndiye yule aliyekatwa kwenye picha ya mkutano wa Davos, Uswisi, Januari 2020, wakabaki wenzake wanne weupe. Ana uchungu wa kweli.

KusiShela: Mimi nasema Bill Gates, *How to Avoid a Climate Disaster*, 2021 pia. Anaanza na tani bilioni 51 za gesijoto kwa mwaka zinazotakiwa zifike sifuri, kisha anaingia umeme, saruji, kilimo, usafiri. Mpangilio huo haukupotezi ukiwa unatembea.

Boriti: Wote hao wako mbali nasi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Ukataji ulipopigwa marufuku 2018, babangu alikaa bila kazi. Nitajieni kitabu kilichomuuliza mkataji.

MwalimuMalindi: Lakini tope la mikoko ndilo linalofukia kaboni, ndugu yangu. Ikiisha, tutapata hasara sote.

Boriti: Sisi ndio tuliojua mti upi ukatwe na upi uachwe. Hatukuulizwa.

MwanaMkomani: Na maji je? Twanywa ya visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Bahari ikipanda, chumvi itaingia.

BintiLangoni: Boriti, babako angekubali kuhadithia hayo yakarekodiwa? Ningeyasikiliza njia nzima.

Boriti: Nitamuuliza leo magharibi.

KusiShela: Dada, siku za bamvua, bahari ijaapo sana, angalia saa za maji kwanza. Yakijaa, ufukwe wa Shela haupitiki.