Kupinda ncha za upinde: mvuke au moto mkavu?

Mlengaji_Sakina (Arusha)
Wadau, nina gongo la mkole lililokatwa upande wa Karatu. Ganda nimeshatoa, bado lina ubichi kidogo. Nachonga upinde wa kulengea shabaha tu, msije mkaniitia askari wa wanyamapori. Nataka ncha zote mbili zipinduke kwenda mbele, na hapo kwenye ncha unene ni sentimeta 1.5 hivi. Mpango wangu ni birika juu ya jiko la mkaa, mvuke uingie kwenye bomba la plastiki, mti ukae humo. Jirani anasema niache mbwembwe, niupitishe motoni. Mnasemaje?

Mtu_wa_Eyasi
Moto tu mkuu. Wahadzabe, wawindaji wa huku kwetu Ziwa Eyasi, mshale unapashwa motoni, unanyooshwa kwa meno, kazi imeisha. Birika la nini?

Babu_Bakora (Moshi)
Kwa mshale sawa, pale unasahihisha kombo ndogo. Lakini ncha za upinde ni jambo tofauti. Huyu kijana anataka kukunja, hiyo ni kazi nyingine.

Mimi nakunja vichwa vya bakora hapa Majengo, na mkate wangu wa kila siku ni mvuke. Ndani ya mti kuna lignini, ndiyo inayoshikilia nyuzinyuzi zake. Mti ukiwa na maji, lignini hulainika kabla hata joto halijafika nyuzi 100. Ukiwa mkavu inadai moto mkali zaidi, na nje unaanza kuungua kabla ndani hakujalegea. Ndiyo maana gongo lako lenye ubichi ni bahati. Mbao zilizokaushwa kwenye tanuri wala usihangaike nazo.

Kanuni ya mafundi ni saa moja kwa kila sentimeta 2.5 za unene. Wewe piga dakika 40, na kwa kuwa Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 95, ongeza kumi. Ukitoa mti, usisalimiane na mtu. Peleka kwenye kalibu, lile umbo la kukunjia, hapo hapo, unapoa upesi mno.

Sasa sikiliza hapa, ndipo wengi wanapovunjia. Mti wa moto unakubali sana kubanwa, lakini kuvutwa haukubali hata asilimia 2. Ncha ikipinduka mbele, mgongo wa upinde (upande unaotazama shabaha) unabanwa na tumbo (upande unaokutazama wewe) ndilo linalovutwa. Kwa hiyo ukanda wa chuma, hata ule wa kufungia maboksi, uulaze upande wa tumbo na uukaze miisho yote miwili kabla ya kukunja. Penye fundo usikunje kabisa. Na pinda kupita kiasi unachotaka, maana ukifungua utarudi nyuma kidogo.

Mlengaji_Sakina
Shikamoo Babu. Nikishafungua kalibu naweza kuuvuta siku hiyo hiyo?

Babu_Bakora
Marahaba. Thubutu! Umeunywesha maji, ukiuvuta hivyo utabaki umelegea hivyo hivyo. Uache kwenye kalibu mpaka kesho yake, kisha uweke kivulini wiki mbili au zaidi, jua usiuone. Baadaye ukikuta ncha moja imekwenda upande, hapo ndipo moto wa Mtu_wa_Eyasi unaingia: paka mafuta, pasha taratibu juu ya makaa, sahihisha.

Mtu_wa_Eyasi
Haya, angalau nimepewa kazi ya mwisho 😂 Ila hilo bomba la plastiki, mkuu, kwa mvuke litalegea lenyewe kabla ya mkole.

Mlengaji_Sakina
Duh, kweli. Kesho napita Unga Limited kwa wauza vyuma chakavu nitafute la chuma. Nizibe miisho yote?

Babu_Bakora
Usithubutu, litapasuka. Mwisho wa mbali sokomeza kitambaa kilegee, mvuke upate pa kutokea. Bomba liinamie upande wa birika ili maji yarudi. Na vaa glovu.